Chekeche

Kwa siku shilingi mia nane, na chai,
mimi Mbodze wa Karisa Ngumbao
nachekecha tope la Kadzuhoni
nyuma ya mabwawa ya chumvi, pale mikoko ilipokufa.
Tope hili halina haraka. Linanuka yai viza
na mafuta. Ndiyo, mafuta, hata leo,
miaka themanini na ushei: ukikanyaga vibaya
rangi za upinde wa mvua zinapanda juu ya maji.

Tsofa anainywesha pampu dizeli.
Shimo linakauka, linatucheka, linajaa tena.
"Bahari inadai chake," asema Tsofa,
lakini Tsofa husema hivyo hata akidaiwa yeye.

Kwanza zilitoka risasi, zimegandamana kwa kutu ya kijani,
mkanda mzima kama chana la ndizi.
Askari wa mabomu akazibeba kama mayai.
Kisha bati la bawa, jepesi, jepesi mno,
nikakikumbuka kitana cha nyanya:
bati jeupe, meno yamekatwa kwa tupa,
kilitukwaruza kichwa kila Jumamosi
wala hatukuuliza kilizaliwa wapi.
Nikanyamaza. Mia nane ni mia nane.

Mkubwa wao, Bwana Lourens, ana daftari.
Kila kipande na namba yake, na mfuko, na picha.
Anatafuta kibao cha injini, si kikubwa kuliko kiganja,
maana kibao, asema, ndicho kilijualo jina.
Ndege tatu zilipotea upande huu.
Familia tatu huko kwao zinangoja barua moja.
Usiku nawaza zile mbili.

Alhamisi chekeche likabakiwa na kitu.
Si bati. Si jiwe. Si kome.
Kisigino cha kiatu, misumari saba,
na juu ya kisigino, kile ambacho kiatu huvikwa.

Bi Zuhura wa makumbusho akainua mkono.
Pampu ikazimwa.
Kumbe siku zote kulikuwa na ndege wa porini wakilia.

Bwana Lourens akavua kofia. Ana upara, na jua lilikuwa kali.
Alilia bila sauti, midomo ikicheza
kama mtu anayehesabu pesa asizoziamini.
Kisha akasema, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza:
"Mtu hapana achwa. Mtu rudi kwao."

Hapo ndipo kitu kikanikaba koo.

Babu yangu Ngumbao alikuwa mtu wa Gohu.
Tulimchongea kigango, gogo la muhuhu,
pembetatu kifuani, nyekundu, nyeupe, nyeusi,
na tembo likigemwa, la kwanza lilikuwa lake.
Mwaka wa mbuzi kufa kiu tuliamka
tukakuta shimo. Shimo safi,
kama jino lililong'olewa na fundi.
Kijana fulani alilipwa. Tunamjua. Tunasalimiana.
Na babu, wanasema, amesimama ng'ambo
katika sebule ya mtu, penye baridi,
na kitaa kidogo kinamwangaza uso.
Nani ana namba yake? Mfuko wake uko wapi?

Chai yangu iliyobaki niliimwaga ukingoni.
Sukari nyingi, lakini ndiyo niliyokuwa nayo.
Kunywa, mwana wa watu, nikasema kwa Kigiriama.
Hukuitwa, ila umekaa, na mkaaji si mgeni.

Bi Zuhura alinisikia. Sikujua kama anaelewa.
Jioni, watu wakiosha majembe,
alinifuata na daftari, akafungua ukurasa wa nyuma,
ule usio na mistari ya hesabu.
"Huyo babu yako," akasema. "Urefu?"

Nikanyoosha mkono, ukasimama kando ya sikio langu.
"Alinifika hapa."
Akaandika.
"Lakini nilikuwa na miaka tisa," nikamwambia,
"sijui sasa angenifika wapi."
Kalamu ikakaa juu ya karatasi,
na Tsofa, kule shimoni, akaivuta kamba ya pampu,
mara ya kwanza, mara ya pili.