Boliti ya Nne

Isevya, Tabora. Saa tano usiku.
Injini ya Foksi, iliyokuwa ikimpeleka padri Sikonge,
inaning'inia kwenye mnyororo wa karakana ya reli,
inazunguka polepole, kama mbuzi buchani.

"Shusha. Kidogo tena. Hapo!"
Boliti ya kwanza iliingia kwa vidole tu.
Ya pili ikataka nyundo ya mpira.
Ya tatu tuliipaka grisi, ikanung'unika, ikakubali.

Ya nne ikagoma.
Tundu limepishana na tundu, unene wa ukucha.

Nikachukua mtaimbo.
"Nenda kalazimishe trekta," alisema Nyamizi,
aliyeichomelea fremu ile bomba kwa bomba masika yote,
umeme ukikatika anausubiri na barakoa usoni.
"Chuma ukikilazimisha kinaweka kinyongo.
Na huko juu hakuna pembeni pa kuegesha."

Tukafungua ya tatu. Ya pili. Ya kwanza.
Injini ikarudi kuning'inia.

Akapitisha kidole kwenye kiungo
alichojisifia wiki nzima,
akaomba msumeno.

Treni ya Mpanda ikapiga honi.
Mabawa yameegemea ukuta,
mbavu tupu,
bado hayajavikwa kitambaa.