Droo ya Kumi na Saba

Inagoma. Mbeyu anaisukuma kwa nyonga
kama mlango wa jiko la mamake,
halafu inakubali, na dawa ya nondo
inampanda puani pamoja na baridi ya Julai.

Sange ishirini na wawili, kifudifudi,
pua zote zimeelekea Ngara.
Macho ni pamba.
Makalio bado ya manjano,
kama mtu aliyekalia binzari
akasahau kujipangusa.

Kazi ya leo ni lebo zilizofifia.
*Dume. Msitu wa nyuma ya kijiji. Vuli.*
*Dume. Papo hapo.*
*Jike. Kanaswa alfajiri, ana jani mdomoni.*

Kalamu inasita.
Jani mdomoni: basi alikuwa anajenga.
Sange hujenga hivyo, jani juu ya jani,
akalala chini yake usiku mmoja, mbili,
akahamia kwingine kabla nyoka hajazoea njia.
Huyu hakuwahi.

Msitu ule anaujua.
Aliokotea kuni humo, na siku moja,
kwenye majani makavu, akasikia mkia ukipiga chini,
ta, ta, ta,
mnyama akimwarifu: nimekuona,
usijisumbue kunyata.
Babake akacheka. Usimkimbize, akasema,
kashakuhesabia hatua.

Sasa pale pana shimo.
Jiwe la matumbawe lilipasuliwa, likasagwa,
likachomwa, likatiwa mifukoni,
likapanda treni usiku
likaja huku bara kuwa saruji:
ghorofa la ng'ambo ya mto,
ngazi anazopanda kila asubuhi,
pengine na ukuta huu
alioegemeza kiti.

Kumbe msitu haukupotea.
Ulihamia Nairobi kwa mafungu,
sange kwenye droo,
sakafu yake kwenye ukuta,
na Mbeyu, kwa basi la usiku, na cheti chake.
Wote anwani moja.
Hawajapata kusalimiana.

Nje kwarara wanagombana nyasini,
wazima, wenye kelele, hawaandikwi popote.
Lebo mpya ina nafasi iliyochapwa: *Makazi*.
Anaandika. Anafuta. Anaandika tena
lile neno la zamani, *msitu*, kwa wino usiofutika.

Kisha, bila kujua kwa nini,
anagonga ubao wa droo kwa ukucha,
ta, ta, ta,
anangoja.

Mutiso wa idara ya wadudu
anainua kichwa kutoka kwa mende wake:
"Kuna mtu mlangoni?"