Upindo wa Vidole Vinne

Saa kumi na mbili unusu, Makadara,
harufu ya mahamri imetutangulia langoni
na Twahir hajala tangu jana usiku.
"Mama, mbaazi tu. Hata tui lake."
Simjibu. Namvuta mkono.

Mimi mshonaji. Sare za nusu ya Majengo
zimepita chini ya sindano yangu.
Mwaka wa tatu sasa nilimkatia suruali
nikaiachia upindo wa vidole vinne.
Haujafumuliwa.
Hilali, mdogo wake, ndiye anayemrithisha mashati;
kwetu nguo zimeanza kupanda ngazi.

Daktari Basheikh alinichorea nyuma ya risiti:
chini ya ubongo, nyuma ya pua,
katezi. "Kama punje ya mbaazi," akasema,
na mwanangu akageuza shingo.
Tutaibishia hodi kwa dawa,
kisha tuisikilize damu
kama mna mtu nyumbani.

Sista Wakesho aliukosa mshipa mara mbili, akaupata,
akakibandika kibomba kwa plasta yenye picha za samaki.
Chupa ya kwanza, kabla ya dawa.
Dawa ikaingia. Uso wa Twahir ukapanda joto,
akasema anaonja sarafu ulimini.
Robo saa, chupa.
Nusu saa, chupa.
Hodi, tulifunzwa chuoni, ni mara tatu;
usipojibiwa, rudi ulikotoka.
Ya nne ilipojaa nilikuwa natazama ukuta.

Nje alikula mahamri matano.
Punje moja ya mbaazi akaitenga, akaiweka kiganjani,
akaiinamia:
"Hodi?"
Muuzaji akacheka. Mimi nikatafuta chenji.

Siku ya kumi na moja tukaitwa.
"Imeitika," akasema daktari, "tena kwa sauti."
Tezi ni nzima. Aliyenyamaza ni wa juu yake,
yule ambaye kazi yake ni kubisha.
Miaka yote hiyo hakubisha.
Alisema mengine, ya sindano za kila usiku,
ya bei, ya barafu ya kuzihifadhia.
Niliyasikia nusu.
Nilikuwa namwona mwanangu
amekaa ukingoni mwa kitanda, amekwisha kuvaa,
viatu miguuni,
anangoja kuitwa.

Usiku nikaitoa ile suruali na wembe.
Sikufumua. Nimeupima tu.
Vidole vinne, na kunjo lake limeshika vumbi.