Huenda

Barua ilikuja Jumanne, pamoja na bili ya gesi
na karatasi ya duka la piza.
Niliifungua kwa kisu cha siagi,
bado nimevaa sare ya dobi la hospitali.
Iliniita kwa jina kamili, Shekue Mbaruku,
ikasema, kwa adabu ya watu wa huku,
kwamba dawa ninayomeza asubuhi na jioni,
baba akiwa anaimeza ile miezi mitatu kabla ya mimba,
huenda
ikagusa namna mtoto anavyokua,
anavyosema, anavyotazama watu.
Huenda. Wameliandika mara nne, nimehesabu.
Neno lina kwenda ndani yake
lakini halifiki.

Niliketi kwenye ngazi, orofa ya nne, Hilltown, Dundee.
Nyuma ya mlango, Sudi, ulikuwa ukipanga magari yako,
na sauti yako ile moja, mmmm, kama friji ya jirani.

Miaka mitatu aliyeulizwa ni mama yako.
Ulivuta? Ulikunywa? Ulianguka? Ulimeza nini?
Riziki alijibu yote, mkoba kifuani, kiti cha plastiki.
Shangazi zangu wakaongeza yao kwa simu kutoka Lushoto:
alikula nini, alimcheka kilema gani.
Mimi nilikuwa pembeni nimeshika koti lake.
Hakuna aliyenigeukia.
Nilidhani ni heshima.

Vidonge vyenyewe ni vidogo,
rangi ya zambarau iliyofuliwa mara nyingi.
Kabla yake nilikuwa mtu wa kuokotwa:
sokoni, msikitini, siku ya mtihani wa darasa la saba,
watu wakirudi nyuma wasiguswe na povu langu.
Vilinipa miaka sita ya kusimama.
Vilinipa kazi, vikanipa uso wa kumposa mama yako.
Deni hilo nalo niliandike wapi?

Nikaacha. Sikumwambia mtu.
Siku ya tano sakafu ya jiko ikapanda kunipokea.

Nilipozinduka ulimi ulikuwa na chumvi ya damu,
chai imemwagika hadi chini ya friji,
na magari yako yamenizunguka,
kumi na saba, pua kwa mkia,
kutoka sikio la kushoto mpaka kisigino na kurudi,
lile la zimamoto karibu na kichwa.
Hukulia. Hukunitazama.
Ulikuwa unasogeza la kijani, kidogo tu,
halikuwa limenyooka.

Sijui ulimaanisha nini.
Bi Ishbel wa shule ya awali anasema tusikutafsiri haraka.
Sawa.

Kesho yake Riziki alinipeleka duka la dawa
kwa kunishika mkono wa shati, kama mwizi.
Hakuzungumza njia nzima.
Mfamasia akasoma skrini, akavua miwani:
usiache tena bila daktari, utajiua.
Wanaohesabu wanahesabu watoto wengi, akasema,
hawamjui wako. Kuhusu wako mmoja
hakuna wa kukuambia ndiyo, wala wa kukuambia hapana.
Riziki akauliza, na wa pili?
Sikujua kama kuna wa pili anayefikiriwa.
Kuna dawa nyingine, mfamasia akasema, mzungumze Alhamisi.
Akanipa fomu. Kisanduku: nimeelezwa.
Nikatia alama. Nimeelezwa, ndiyo.
Kuelewa kuna foleni yake.

Jioni Riziki aliweka kidonge kwenye kisosi
na glasi ya maji, akasimama hapo hapo mpaka nikameza.
Kisha akasema, na mimi ungeniambia.
Ni hilo tu.

Usiku nikakuta msafara umekata ukumbi wote,
kutoka mlango wa choo mpaka kitanda chako.
Nikainua mguu juu kabisa,
polepole,
kama mtu anayeogopa kumruka aliyelala.