Kombo

Mwaka wa kipindupindu balozi alinipa kamba na vigingi:
"Pima maili kumi, toka maji yanapokoma."
Nikamuuliza: ya bamvua, au maji mafu?
Akaandikia Unguja. Jibu likakaa karantini
siku arobaini, likaja linanuka siki.

Kibokoni tulikuwa tumeshamzika Mwanakheri alasiri,
na mchimba kaburi lake, alfajiri.

Nikavuka. Kupita Miritini, kigingi cha saba
kiliangukia kaburi bichi, kata imefudikizwa juu.
Maradhi yalishavuka mpaka kabla haujakuwapo,
bila cheti, bila mkalimani.
Nikakipigilia kando, hatua tisa.

Wakubwa walibishana miaka mitatu juu ya mpindo ule.
"Nani kaupinda mstari?"
Chini pana sahihi yangu: Kombo.
Hawajui Kiswahili.