Nondo Hulala Juu

Roshani si sakafu. Hili nililijua.
Sakafu hushikwa pande zote, kama mtoto wa kwanza;
roshani hushikwa upande mmoja tu,
mkono ulionyooshwa nje, umebeba sinia,
na mshipa unaouma ni ule wa juu.
Ndiyo maana nondo za roshani hulala juu.
Muulize fundi yeyote wa Mabela,
hata usiku wa manane, hata umemwamsha.

Tulimwaga zege mwezi wa Julai
baada ya isha, maana mchana chuma kilichoma hadi ndani ya glavu.
Lori lilikuwa limechelewa, tumbo lake linazunguka,
zege limeanza kukaza,
na dereva anapiga honi kama anapeleka bwana harusi.
Rafiqul na wenzake wakapita na ndoo
juu ya nondo, wakarudi, wakapita tena,
na kila wayo ukazididimiza
kidogo.

Niliona.
Rafiqul naye aliona. Alielekeza kidole miguuni,
akasema kwa Kiarabu chake cha saiti,
maneno mawili: chuma chini.
Nikamjibu moja: mwaga.

Asubuhi tulitandika magunia mabichi.
Zege lina kiu ya siku saba, tulilinywesha mbili.
Kisha plasta, kisha rangi ya maziwa,
na plasta haimsengenyi mtu.

Miaka kumi na moja nimeuzunguka mtaa ule
kwa nyuma, kupitia duka la matairi,
na mke wangu hajawahi kuniuliza kwa nini.

Juzi binti yangu akanionyesha picha kwenye simu:
jengo jingine, mji mwingine, kazi ya watu nisiowajua.
Vipande vya zege juu ya gari. Ndara moja ya mtoto.
Na ukutani nondo zimechomoza
zote chini,
kama meno ya taya la chini.

Nikapanda ghorofa ya tatu.
Akafungua Bi Thuweiba, lafudhi yake ya Wete haijachuja,
akasema, kaa nje mwanangu, ndani joto,
na kahawa nimekwisha kuitoa.
Huko nje: mashine ya kufulia, pipa la maji,
mirehani kwenye makopo ya samli,
na kwenye kizingiti, chini ya mkeka,
ufa mwembamba kama uzi wa kushonea kofia.
"Huo nimeuziba mara mbili," akasema, "kwa saruji nyeupe."

Tulifundishwa tangu chuoni: usipoziba ufa.
Hatukufundishwa kwamba upo ufa
ambao kuuziba ndiko kuuzika.

Nilimwambia nikiwa nimesimama, kikombe sikukipokea.
Alinisikiliza mpaka mwisho. Akafunika birika.
"Nondo zililala chini," akasema.
"Na wewe miaka yote hii ulilala wapi?"

Sikuwa na la kujibu, basi nikalala pale pale,
kifudifudi kizingitini,
mjukuu wake Azzan kanikalia miguuni kama jiwe la nanga,
nikavuta makopo kwa mpini wa fagio,
moja moja, taratibu, kama mtu anayeiba.
Pipa tulilitoboa kwa mbali, maji yakashuka yenyewe.
Mashine ilibaki.

Baladiya, karani aliuliza: mlalamikaji nani?
Nikataja jina langu na la baba yangu.
Mlalamikiwa?
Nikayataja tena, polepole, aandike vizuri.
Akainua macho, akadhani joto limenipanda.

Leo chini ya roshani kuna mirunda sita
na utepe mwekundu unaopigapiga.
Kopo moja hatukulifikia.
Liko kule pembeni kabisa, mrehani umechanua,
na hakuna anayethubutu kwenda kuumwagilia.