Volti Tatu

Mundhir ananipigia simu saa nne usiku,
bila salamu, kama kawaida yake:
"Taa zinafifia nikiwasha pampu.
Kioo cha kutafutia samaki kinajizima, kinajiwasha,
kama mtu anayesinzia kwenye hotuba.
Njoo na mita yako."

Agosti hii Quriyat mchana chuma hakishikiki,
ndiyo maana mimi na kaka yangu twatengeneza boti usiku,
imepandishwa juu ya trela nyuma ya nyumba yake,
chini ya kiyoyozi kinachodondosha matone.

Kwanza ananisomea mashtaka.
Betri ya kwanza, riale thelathini na nane, mbovu.
Betri ya pili, bei ileile, mbovu vilevile.
Pampu mpya kutoka Maskati.
Na Shofiq fundi, "mwizi yule",
kafukuzwa mbele ya watu pale bandarini
Alhamisi, mkoba wa vyombo mkononi,
hakupewa hata nauli.

Nimefundisha fizikia miaka kumi na tisa.
Wasichana wangu nawaambia: msibadilishe kitu
ambacho hamjakipima.
Basi nakaa kitako juu ya ndoo ya chambo,
namwambia washa pampu, iache iende,
kwani waya uliopumzika hausemi kweli;
upe kazi ndipo uujue.

Betri: kumi na mbili nukta nne.
Pampu: tisa nukta moja.
Hapo katikati kuna anayekula.

Waya mwekundu, nukta mbili. Hauna hatia.
Waya mweusi, ule wa kurudi,
ambao hakuna anayeutazama
maana watu hudhani umeme ni kwenda tu:
tatu nukta moja.
"Volti tatu," namwambia Mundhir.
"Betri yako nzima. Zote mbili zilikuwa nzima."
Ananyamaza. Kiyoyozi kinadondosha.

Tunang'oa ubao wa sakafu. Harufu ya ngama,
magamba ya nguru wa mwaka juzi,
ndoana moja iliyosahaulika, inanipata kidole gumba.
Naufuata waya kwa mkono, tochi mdomoni,
mpaka nyuma ya tangi la petroli, panapolala unyevu,
na hapo pana kifundo.

Nyaya mbili zimesokotwa kwa vidole,
hakuna solda, hakuna hata grisi,
zikaviringishwa tepu ya njano.
Naibandua. Unga wa kijani unanimwagikia mapajani.
Shaba imeliwa, zimebaki nyuzi mbili tatu
zinazobeba pampu, taa, kioo, redio,
na lawama.

"Nani kafanya uchafu huu?" Mundhir kaniinamia.
"Shofiq huyo! Mimi nilijua!"

Tepu ya njano.
Maabara yangu ilikuwa na boksi zima,
masalio ya maonyesho ya sayansi, mwaka aliozaliwa Muzna.
Na msokoto umepinda kushoto,
na kwetu mwenye mkono wa kushoto ni mmoja.
Sasa nakumbuka: alfajiri, watoto wameshavaa maboya,
Mundhir anahimiza, jua linapanda,
nami nikasema, "Hii ya muda tu,
tukirudi nitaifanya vizuri."
Tulirudi na nguru kumi na mmoja.
Nani angekumbuka waya?

Nakata. Nachuna mpaka shaba ing'ae.
Natia kiungio, nabana, navisha mpira,
naupasha kwa mashine ya kukaushia nywele ya wifi
mpaka unabana kama soksi mpya.
Pampu inanguruma, taa hazitikisiki.
Pampuni, kumi na mbili nukta moja.

"Nipe namba ya Shofiq," nasema.
"Ya nini? Si umeshapata?"
Nimekikumbatia kile kifundo kiganjani,
kijani chake kimeingia kwenye mistari ya mkono wangu wa kushoto.
"Zima pampu," namwambia. "Kaa.
Nataka kukuonyesha kitu."